Harry Hill au Mama: nani alituchekesha zaidi?

Mwambie mtu yeyote aliyekulia Uingereza miaka ya 2000 neno moja tu, "Fight!", halafu mtazame usoni. Akianza kutabasamu, ujue Jumamosi jioni alikuwa mbele ya ITV kama sisi. Kwa wadogo zetu mnaotusikiliza, ambao miaka hiyo mlikuwa bado mnabebwa mgongoni: tunazungumzia Harry Hill's TV Burp, kipindi kilichoanza 2001 kikafungwa 2012. Mwanaume mwenye upara, miwani, suti, na kola ya shati pana kama mabawa ya kunguru anakaa nyuma ya meza na kuicheka televisheni ya wiki nzima. Basi, ndo hivyo. Hakuna kura za simu, hakuna mtu anayelia akisimulia safari yake ya maisha.

Kwenye podikasti wiki hii tulikitaja kwa dakika mbili tukakimbilia mengine. Mimi sikuridhika, kwa hiyo naendelea huku.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Harry anakuonyesha kipande kifupi kutoka EastEnders, Coronation Street, Emmerdale, Casualty, au kipindi chochote cha mapishi, cha wanyama, cha watu wanaotafuta nyumba. Kamera inarudi kwake. Anageuza shingo, anakuangalia kwa pembe ya jicho, ananyamaza kidogo. Halafu anasema kitu ambacho wewe ulikiona lakini hukujua kama umekiona. Tamthilia inataka uyaangalie machozi ya mke aliyeachwa, yeye ameliangalia birika lililo nyuma ya mke. Mtangazaji anaongea kwa uchungu juu ya pengwini, yeye amemwona pengwini wa pembeni anayejikuna. Kabla ya matangazo ya biashara anachukua vitu viwili vya wiki hiyo, anasema hiki anakipenda, na kile pia anakipenda, lakini kipi bora? Kuna njia moja tu ya kujua. Hapo wanaingia watu wawili waliovalishwa kama vitu hivyo, mmoja kutoka kulia, mmoja kutoka kushoto, wanaanza kutwangana. Ni upuuzi mtupu. Mwaka 2008 upuuzi huo ulipewa tuzo mbili za BAFTA, moja ya kipindi na moja ya Harry mwenyewe.

Kuna jambo moja kumhusu ambalo halikupita kimya nyumbani kwetu. Jina lake halisi ni Matthew Hall, amezaliwa 1964, na ni daktari. Daktari kabisa, wa kusomea St George's hapa kusini mwa London, akafanya kazi hospitalini, kisha akaacha akaenda kuchekesha watu. Mwaka 1992 akashinda tuzo ya Perrier ya mchekeshaji mpya kule Edinburgh. Dada yangu ndo aliyeileta habari hiyo mezani, nadhani kwa nia yake mwenyewe, maana alikuwa anajaza fomu za chuo kipindi hicho.

"Alimaliza masomo?" Mama akauliza.

"Alimaliza, Mama. Alikuwa anatibu watu."

"Akaacha."

"Akaacha."

Mama akakaa kimya kwa muda. "Wazazi wake wako hai?"

Dada yangu sasa ni mfamasia. Hatujawahi kulizungumza tena.

Lakini twende taratibu, maana kuna kitu kuhusu Mama na televisheni lazima nikieleze kwanza, la sivyo hamtaelewa kwa nini kipindi hiki kati ya vyote ndicho kilichoingia kwetu. Mama ni mtu wa Tanga. Alikuja London 1987. Tanzania Bara wakati huo haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, jambo ambalo Wazanzibari hawajaacha kutukumbusha. Bara ilibidi wasubiri hadi 1994, vituo binafsi vilipoanza, kikiwemo ITV cha Dar es Salaam, ambacho hakina undugu wowote na hiki cha Harry Hill ila jina. Kwa hiyo Mama alikulia kwenye redio, na redio ya nyumbani haikusikilizwa kwa ukimya. Ilijibiwa. Ilibishiwa. Mpira ukitangazwa, mtangazaji alikuwa anasaidiwa na sebule nzima.

Alipofika huku akakutana na runinga, akaifanyia hivyo hivyo.

Jumamosi ilikuwa siku ya kusukwa. Nimekaa sakafuni katikati ya magoti yake, kichwa kimeshikwa, siwezi kwenda popote, na TV iko mbele. Tulikuwa watu watano kwenye nyumba ya vyumba viwili Leyton, kwa hiyo hata asiyesukwa hakuwa na pa kwenda. Na Mama anachambua. EastEnders alikuwa haijui Kiingereza chake chote, hasa wakianza kupayuka, lakini watu wenyewe aliwajua kuliko waandishi wao. Phil Mitchell alikuwa Kipara Ngoto. Dot Cotton, kwa sababu ya sigara, alikuwa Bi Moshi. "Bi Moshi kila siku yuko kwa dobi, anafua. Mbona koti ni lilelile?" Watu wa baa aliwahurumia: "Asubuhi wako hapa, mchana wako hapa. Kazi wanafanya saa ngapi?" Kulikuwa na vipindi vya wanandoa kutafuta nyumba, Location, Location, Location na ndugu zake, na hivyo ndivyo vilivyompandisha zaidi. "Wana paundi laki tatu. Wamepewa nyumba, ina bustani, ina choo juu na chini. Eti hawapendi rangi ya ukuta. Rangi! Si mpake nyingine?" Anavuta nywele kwa hasira, mimi napiga kelele, ye haoni kama nahusika.

Sasa ilipofika saa ya TV Burp, kulikuwa na kitu cha ajabu. Yule mzungu mwenye kola alikuwa anafanya kazi ileile ya Mama. Anaangalia palepale anapoangalia Mama: kwenye koti, kwenye birika, kwenye ukuta. Wakati mwingine Harry akitoa kichekesho Mama anasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa, "Si nilisema mimi?"

Na kuna sababu ya kiufundi kwa nini kipindi hicho kilimfikia wakati vingine vilimpita. Vichekesho vingi vya Waingereza vimesimama juu ya lugha. Blackadder haikumfikisha Mama popote. Sentensi moja ina kejeli tatu na zote zinahitaji uwe umesomea historia yao. Harry Hill hakudhani kwamba umeangalia chochote. Kwanza anakuonyesha kipande, ndipo anacheka. Ushahidi uko mezani, wote mmeuona pamoja, aliyezaliwa Surrey na aliyezaliwa Tanga. Mgeni hakuachwa mlangoni. Sijui kama alikusudia hivyo, ila kwa nyumba yenye watu wa Viingereza vinne tofauti, kile ndicho kilikuwa kichekesho pekee ambacho wote watano tulicheka sekunde moja, bila mtu kugeuka kuuliza "amesemaje?"

Linganisha na kilichokuwepo kabla yake. Kuchambua televisheni kwa mzaha hakukuanza na Harry. Clive James, Mwaustralia aliyekuwa anaandika uhakiki wa TV kwenye Observer kuanzia 1972 hadi 1982, alipata kipindi chake ITV mwaka 1982, Clive James on Television, na sehemu kubwa ya mvuto wake ilikuwa kuonyesha televisheni za nchi nyingine. Wajapani wanaojitesa kwenye mashindano, matangazo ya biashara ya ajabu kutoka nchi za watu. Clive James alikuwa mwandishi hodari, silipingi hilo. Lakini kucheka TV ya mwenzako, ambaye hayupo chumbani na hatajibu, na kucheka ya kwako mwenyewe ni vitu viwili. Harry alicheka ya kwake. Kwa Kiswahili tuna neno la hiyo ya pili, utani, na utani una sheria zake. Mnyamwezi anaweza kumchamba Mzaramo hata msibani, marehemu hajazikwa, kwa sababu kesho zamu ni ya Mzaramo. Asiye mtani akisema maneno yaleyale, kuna kesi.

Ndo maana kuna aina moja ya kipindi ambayo utani haukugusa kamwe, na ambayo kwetu sebuleni iligeuza hali ya hewa. Usiku wa kuchangia Afrika. Red Nose Day ilianza 1988, na tangu hapo kila baada ya miaka miwili jioni nzima ya BBC One ilikuwa vichekesho, halafu ghafla piano ya huzuni, halafu mtu maarufu ameinama kando ya kitanda cha mtoto. Halafu vichekesho tena. Mama alikuwa anatoa pesa, nataka hilo lieleweke. Kila mwaka alitoa. Lakini alikuwa anauliza maswali pia, na hakuwa anacheka.

"Huyu mtoto mama yake ni nani? Mbona hawamuulizi mama yake? Si yule pale amekaa?"

Tunaangalia. Kweli, mwanamke yupo, pembeni ya picha, amekaa. Hakuna aliyemwekea kipaza sauti. Jumatatu shuleni kulikuwa na mtoto wa kuniuliza kama kwetu kuna bomba la maji, na mimi nilikuwa na jibu la kuzaliwa Whipps Cross, ambalo halikusaidia.

Ilichukua muda mrefu kwa swali la Mama kufika mahali pa kusikika. Mwanzoni mwa 2019 mtangazaji Stacey Dooley alipiga picha akiwa amembeba mtoto Uganda kwa ajili ya Comic Relief, na mbunge wa Tottenham, David Lammy, akasema hadharani kwamba dunia haihitaji tena wakombozi weupe. Kukawa na zogo la wiki kadhaa. Oktoba 2020 Comic Relief wakatangaza kwamba hawatapeleka tena watu mashuhuri Afrika kutengeneza filamu za kuchangisha. Mama alikuwa ameuliza kuhusu yule mwanamke wa pembeni wakati mimi nina miaka tisa. Jicho la kuona birika na jicho la kuona mama asiyeulizwa ni jicho moja.

Hapa niingize kitu ambacho nimekuwa nikikifikiria tangu tulipozima vinasa sauti. Hebu kumbuka Kiswahili ulichokulia nacho hapa London. Kilikuwa na vitenzi gani? Kaa. Kula. Vaa koti. Zima taa. Nani kaacha maji yanamwagika? Msalimie shangazi. Mwambie shikamoo, husikii? Wengi wetu tulipewa Kiswahili cha amri. Tunakielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, kwa sababu amri haihitaji jibu, inahitaji koti. Utani, siri, mapenzi, ugomvi wa maana, vyote tulivifanya kwa Kiingereza, sisi kwa sisi. Halafu tunashangaa mbona tukifika Dar tukifungua mdomo binamu zetu wanatuona kama watoto wa miaka sita. Tunaongea kama watoto wa miaka sita kwa sababu tuliongeleshwa kama watoto wa miaka sita hadi siku tunaondoka nyumbani.

Mimi na dada yangu tuliponea kwenye kochi, mbele ya TV. Pale ndipo pekee Mama alikuwa haongei *na* sisi kutuagiza. Alikuwa anaongea *pamoja* na sisi kuhusu watu wengine. Kiherehere nilikijifunza kwa Bi Moshi na pua yake ya kuingia kila nyumba. Kujikosha nilikielewa siku Ian Beale alipofanya kosa halafu akaanza kueleza. Kimbelembele, kujishaua, mnafiki, hana haya, amekula chumvi nyingi, wote hao nawajua kwa sura, na sura zao ni za waigizaji wa Walford. Ukinipa mtihani wa ngeli nitatoka jasho. Ukiniambia nimseme mtu, kwa heshima lakini asisahau, naweza.

Na nilianza kujibu. Hilo ndo la kushangaza. Mtu hawezi kukaa chini ya mchekeshaji saa tatu, ameshikwa kichwa, bila kutaka naye kutupia lake. Kichekesho changu cha kwanza kwa Kiswahili kilihusu Phil Mitchell, na Mama alicheka hadi akaacha kusuka. Sitakirudia hapa kwa sababu nikikiandika si kizuri hata kidogo. Ila nakumbuka mikono yake ilivyosimama.

Huku nyumbani Afrika Mashariki nako wenzetu hawakulala. Kenya, Moi akiwa bado madarakani, Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimwiga rais kwenye televisheni, jambo ambalo miaka michache kabla usingelijaribu hata chumbani. Mwaka 2009 Gado, mchora katuni Mtanzania aliyefanya jina Nairobi, akaanzisha The XYZ Show kwenye Citizen TV, wanasiasa wakageuzwa vikaragosi vya mpira. Hiyo ina damu ya hapa, maana ni mjukuu wa Spitting Image ya Waingereza na Les Guignols ya Wafaransa. Lakini ukiniuliza ndugu wa TV Burp hasa ni yupi, nitakuambia ni Bull's Eye ya Emmanuel Juma kwenye NTV Kenya. Fomula ni ileile: kipande halisi cha wiki, mwanasiasa anasema neno kwa uso mkavu, halafu kinapachikwa kipande cha wimbo au filamu na sauti ya Juma, na yule mheshimiwa amekwisha. Onyesha kwanza, cheka baadaye.

Tanzania ilikuwa Ze Comedy, walioanzia EATV kisha wakahamia TBC1 kwa jina la Orijino Komedi: Joti, Masanja Mkandamizaji, Mpoki, Wakuvanga, Mac Regan, Vengu. Wao waliiga wasomaji wa habari, wanamuziki, wakubwa. Na hapa ndipo mambo yakatugeukia sisi watoto wa Leyton. Mjomba alikuwa anatuma diski, baadaye ikaja YouTube, na Mama anacheka mpaka machozi, mimi na dada tumekaa kama abiria waliopanda basi lisilo lao. Maneno tunayaelewa. Masanja anasema nini tunasikia. Lakini anayeigwa hatumjui. Hatujawahi kuona taarifa ya habari yenyewe, hatujui yule msomaji hugeuza karatasi vipi, hatujui wimbo huo ulipigwa kila daladala mwaka mzima. Kuiga hakuonyeshi kipande kwanza. Kunadhani ulikuwepo.

Ikabidi Mama awe Harry Hill wetu. Anasimamisha video. Anatafuta yule halisi, anatuonyesha: "Muangalieni huyu mdomo wake. Mmemwona? Haya." Anarudi kwa Joti. Sasa tunacheka, tumechelewa dakika nne, lakini tunacheka. Miaka yote sisi ndo tulikuwa tunamtafsiria barua za halmashauri na maneno ya daktari. Siku zile rimoti ilikuwa mkononi mwake na wageni tulikuwa sisi, na alikuwa na subira kuliko tuliyokuwa nayo sisi kwake, hilo naliandika bila kupamba.

Harry alifunga kipindi 2012. Kutengeneza nusu saa ya TV Burp kulimaanisha yeye na waandishi wake waangalie TV kwa saa na masaa, mbaya kwa nzuri, na mtu huchoka. Baada yake ikaja Gogglebox ya Channel 4, 2013, ambako familia za kawaida zinarekodiwa zikiangalia TV na kuongea. Kila mtu akasema ni wazo jipya. Mama aliangalia sehemu ya kwanza, akauliza wale watu wanalipwa, tukamwambia wanalipwa kidogo, akasema, "Na mimi miaka ishirini bure."

Siku hizi kila mtu ana simu yake. Mtoto wa dada yangu ana miaka saba, anakaa kwenye kochi lilelile kwa bibi yake na vipokea sauti masikioni, anaangalia vitu vyake, anacheka peke yake. Bibi anamwambia: kula, vaa koti, kaa vizuri. Mwezi uliopita dada alivichukua vile vipokea sauti, akaweka Strictly kwenye TV kubwa, akaenda zake jikoni kana kwamba ana kazi. Dakika kumi kimya. Halafu nikamsikia Mama: "Hebu muone yule, anacheza kama mtu anayekanyaga siafu." Mtoto akauliza siafu ni nini. Akaelezwa, kwa mikono, kwa vidole vinavyotembea mguuni kwake. Kucheza kwenye TV kukaendelea. Baadaye kidogo sauti ndogo ikasema, kwa Kiswahili kibovu kabisa, kwamba yule mwingine yeye ni siafu mwenyewe.

Kipindi kamili kiko palepale mnapotusikilizia siku zote. Na kama kwenu kuna mtu anayejibizana na TV, mama, baba, shangazi, bibi, mwombeni ruhusa, mrekodini dakika mbili, mtutumie sauti. Tutaziweka mfululizo kwenye kipindi kijacho. Majina ya bandia wanayowapa watangazaji tunayahitaji hasa.